Nzuri, Ila

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, si ile ya mtandao, ingawa huyu naye hukatika ukimhitaji, aliingia kwenye karakana yangu ya kompyuta bila hodi akaweka diski mezani. Niliitambua papo hapo. Ilikuwa ya mume wangu.

Siku tuliyotoka makaburini ndiye aliyefagia nyumba yangu: makochi, kompyuta, na diski hiyo yenye picha zetu zote. Aliniuliza, "Habari, wifi?" Nikajibu nzuri, kama tunavyojibu sote hata nyumba ikiwaka moto, halafu ndipo tunasema ila. Hakungoja ila yangu. Tangu hapo nimemwomba zile picha mpaka nimechoka, na jibu ni lile lile: ni za ukoo, na mimi si ukoo.

Sasa diski ilikuwa nzito kufunguka. Anachapisha kadi za harusi, na kazi zote za wateja zilikuwa humo. Nilimuuliza kama ana nakala kwingine, akanicheka.

Niliichomeka, nikafungua programu ya kupima afya ya diski. Juu kabisa ikaandika kwa kijani kwamba hali ni nzuri. Wifi akashusha pumzi.

Mimi sisomi kijani, nasoma chini yake. Diski nayo ina adabu zetu, hujibu nzuri kwanza. Sehemu zilizoharibika na kuhamishiwa kwenye akiba zilikuwa mamia. Zile ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa zilikuwa zinaongezeka huku naziangalia. Kikomo cha programu kuandika kwa nyekundu kilikuwa bado mbali, lakini diski nyingi hufa kabla ya kukifikia. Hii ilikuwa inakata roho. Ikifika hapo unaweza kuokoa kidogo tu, kwa hiyo unachagua uanze na nini.

Nilimwambia kipimo kinachukua muda, akaketi na simu yake. Nikaanza kunakili folda moja tu, yenye jina la mume wangu. Ilikwama, ikakwaruza, ikaendelea. Kila picha iliyotoka ilikula uhai wa kadi zake, na nilifurahi, sitadanganya. Ya mwisho ilipotoka nikachomoa waya.

"Habari ya diski?" akauliza.

"Nzuri," nikasema, nikanyamaza. Nilimwachia nafasi ya kungoja, ile ambayo yeye hakunipa.

Alikwisha kuitia kwenye mkoba. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alipiga simu akilia. Kompyuta haiioni diski kabisa, wateja wamejaa mlangoni, na wanaharusi wanamtukana.

"Si ulisema nzuri?"

"Nilisema, wifi. Hukungoja ila."

Nilimsikia akipenga kamasi, na nilitamani asimalize haraka.

"Basi na zako zimekwenda," akasema, sauti imetulia. "Zile mlizopiga pamoja sikuziacha kwenye folda yake. Nilizificha katikati ya kadi, siku ukiiba usizipate."

Nikakata simu. Nilikuwa sijaifungua ile folda, nilikuwa naitunza kwa jioni isiyo na kazi, nikae nayo peke yangu kwa raha. Niliifungua hapo hapo, nimesimama. Mume wangu alikuwa anacheka, picha baada ya picha, na hakuna hata moja niliyokuwemo.