Makala Iliyokwishapita Loja

Nelva Cueva hakuwa mtu wa kusali, lakini mwezi wa Machi ulipoingia alianza kupiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha modemu. Kila mwaka, mwezi huo, chuo kimoja cha Toronto kilitangaza nafasi ya fundi mmoja, mmoja tu, kutoka nchi za Andes: miaka miwili ya masomo, kila kitu juu yao. Tangazo halikutoka magazetini. Lilitoka kwenye kundi la majadiliano la mafundi wa kompyuta, na baada ya siku kumi na nne mlango ulifungwa. Walichukua walio chini ya miaka arobaini. Mwaka huo wa 1993 Nelva alikuwa na thelathini na tisa. Akikosa safari hii, basi tena.

Makala za makundi zilifika Loja, kusini mwa Ekuador, kwa njia moja: kutoka mji mkuu, Quito, kwa waya wa simu. Saa moja asubuhi, katika chumba cha chini cha chuo alichofanyia kazi, mashine yake iliipigia mashine ya Quito na kuvuta furushi la makala za kutwa nzima. Kisha yeye aliandika amri ya kulifungua, herufi za kijani juu ya kioo cheusi, na mashine ikaanza kuzichambua moja moja. Kila makala ilibeba, kama kwenye paji la uso, majina ya mashine zote ilizopitia. Mashine ya Loja ikikuta jina lake yenyewe pale, hujua makala hiyo imeshapita nyumbani, na huitupa bila kumwuliza mtu. Mwishoni hutoa hesabu: zilizopokelewa, zilizokataliwa. Nelva alizinakili daftarini kila siku, kwa mwandiko mzuri, na daftari hilo alijivunia kuliko cheti chake.

Msimamizi wa mashine ya Quito alikuwa Vinicio Armijos, mtoto wa Loja kama yeye; walisoma darasa moja. Kazi ile alifundishwa na Nelva. Ni Nelva pia aliyemwonyesha, alipokuwa akimfundisha, jinsi ya kumnyima mkuu wa chuo vichekesho vichafu asivione: andika jina la mashine yake kwenye paji la makala kabla haijaondoka, na ikifika mlangoni kwake itafukuzwa na mashine yake mwenyewe. Siku ile walicheka mpaka mbavu zikauma.

Tarehe tisa Machi kioo kilisema: zimepokelewa 411, imekataliwa 1. Nelva akaandika, akamimina kahawa. Moja si kitu. Laini ya simu ilipokatika, Quito ilirudia kutuma, na zilizorudiwa zilikataliwa. Hakuna fundi anayeacha kahawa yake ipoe kwa sababu ya moja.

Siku sita baadaye akampigia Vinicio.

"Tangazo la Wakanada bado?"

"Wewe nawe na Toronto yako! Hamna kitu, dada. Labda mwaka huu wamefilisika. Na ukienda kule utaganda kama samaki wa bucha."

"Niache nigande. Likitoka nipigie siku hiyohiyo."

"Nimpigie nani mwingine? Sasa hebu nisaidie. Kuna jamaa hapa ananipasua kichwa na fumbo. Mashine tatu zinapeana makala, saa ya moja imechelewa siku mbili, makala zinapotea. Uzitengeneze bila kuzima hata moja."

Nelva alipenda fumbo kuliko chakula. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amemtumia kurasa mbili, na mchoro juu yake.

"Wewe ni jini," Vinicio akamwambia. "Kweli tena, jini."

Mwishoni mwa Aprili, Mama Obdulia, mamake Vinicio, alishuka ngazi za chumba kile akihema, amekumbatia kapu la humita za moto, vikate vya mahindi, kila kimoja ndani ya ganda lake la hindi.

"Kula, mwanangu, leo ni sherehe! Vinicio anakwenda Kanada! Wamemchagua yeye kati ya wote. Eti kulikuwa na swali la mashine tatu, akalijibu mpaka wazungu wakashangaa!"

Nelva alikuwa na humita mdomoni. Aliitafuna, akaimeza, akasema, "Hongera, mama." Mwanamke wa watu akamkumbatia na kumlilia begani kwa furaha.

Alipoondoka, Nelva alimpigia Wilman, fundi wa Machala, ambaye naye alipata makala zake kutoka Quito.

"Tangazo la Toronto? Ninalo, la tarehe tisa Machi," Wilman alisema. "Mimi Kiingereza changu cha kuombea maji, sikujisumbua."

"Nisomee njia iliyopita."

Wilman akasoma majina, taratibu. Kisha akacheka. "Ajabu! Inasema kabla ya kutufikia sisi imepita kwako. Loja. Si unayo?"

Nelva akafungua daftari. Tarehe tisa: imekataliwa 1. Alikitazama kitarakimu kile, alichokiandika kwa mkono wake. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Ila huyu wa kwake, Nelva ndiye aliyemshonea hata nguo yenyewe.

Vinicio, alipopigiwa, hakujisumbua kukana.

"Ulitaka nifanye nini? Tungeomba wote wangekuchukua wewe. Unajua, na mimi najua."

"Mwakani nafikisha arobaini, Vinicio."

"Ndiyo hivyo tena. Kwanza nani kakufukuza? Mashine yako ndiyo iliyokataa. Soma daftari lako, si unalipenda." Kisha sauti ikalainika, na ulaini ule ndio uliomuudhi Nelva kuliko yote. "Ila mama anabaki peke yake, na simu hana. Nitamwandikia kwenye kundi la Waekuador walio nje. Umsomee, dada. Anakupenda."

Na alimsomea. Mwaka mzima, kila Ijumaa, Mama Obdulia alishuka ngazi zile, na Nelva akamsomea theluji, maabara, na picha aliyopiga na profesa. Majibu ya mama aliyachapa na kuyatuma yalivyo. Watu wa chuo wakasema Nelva ana moyo wa dhahabu. Hakuwa nao. Alimchukia Vinicio kila asubuhi saa moja, modemu ilipoanza kulia.

Ijumaa moja ya Septemba, Nelva akiwa ameshatimiza arobaini, Mama Obdulia alichelewa. Macho yalikuwa ya manjano, gauni linampwaya. Aliweka humita moja tu mezani.

"Leo niandikie mimi kwanza. Mwambie: Vinicio, daktari kasema ini limekwisha. Krismasi sifiki. Hela sitaki, nataka nikuone. Njoo, mwanangu."

Nelva akaandika kila neno. Hakuongeza, hakupunguza. Kisha akaifungua makala kwenye paji la uso, akaandika pale jina la mashine ya chuo cha Vinicio. Akaandika amri. Kioo kikajibu: imetumwa 1, imekubaliwa 1.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, mama. Wataisoma Lima, wataisoma Madrid, mpaka Japani."

"Na Toronto?"

"Na Toronto itafika mlangoni. Kuipokea ni juu yao."

Mama Obdulia akamshika uso kwa mikono miwili, akambusu. "Mungu akulipe. Akijibu uniite, hata kama si Ijumaa."

"Nitakuita."

Alimsikiliza akipanda ngazi, moja, anapumzika, nyingine. Alipofika juu, Nelva aliandika hesabu ya siku daftarini, akavuta kiti, akala humita kabla haijapoa.