Levina na Orodha ya Msamaha

Afande Agnella alisoma majina kumi na mawili ya wanawake waliopata msamaha wa Rais, akaikunja karatasi. Jina la Levina halikuwemo.

Tangu juzi, redio iliposema kuwa wanawake walioingia gerezani na mimba au na watoto wachanga wataachiwa, Levina hakuwa ametulia. Gauni moja alilifua mara tatu. Yeye aliingia na mimba ya miezi mitano, baada ya kumvunja jirani mkono kwa mpini wa jembe walipogombania maji ya majaruba ya mpunga huko Mang'ula. Hakimu alimpa miaka mitatu. Binti yake, Natalia, alizaliwa humo humo kifungoni. Alipofika miezi kumi na mmoja malaria ilimwandama, ndipo bibi yake, Kandida, akaja kumchukua. Sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu amchukue.

Walioitwa wakaenda kufunga virago. Levina akabaki amesimama.

"Afande, na mimi ninanyonyesha."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani kwa mama. Alikuwa anaumwa."

"Basi hunyonyeshi. Orodha ni ya wenye watoto humu ndani."

"Redio ilisema na walioingia na mimba, afande. Niliingia nayo. Daftari la mapokezi linajua."

Agnella akageuka, akaelekea ofisini.

Levina akaufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Akaenda bombani, akarudi bila maji. Eveline wa Chita, waliyelala naye mkeka mmoja mwaka mzima, alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa nitalia, dada."

Eveline akatoa kijiwe, akakitupa pembeni. "Mimi nimeacha wanne. Wa mwisho ana miaka saba. Kwa kuwa hawanyonyi, mimi si mama?"

Levina akausogelea ungo. Akachutama, wakachambua pamoja. Aliona haya mbele ya mwenzake, lakini haya hizo hazikumzuia kugeuka kila mlango wa ofisi ulipolia.

Saa nane Agnella akatokea. "Daftarini umeandikwa kweli. Karani alikuruka. Chukua vitu vyako."

Eveline ndiye aliyemfunga kanga. "Nenda," alisema. "Usigeuke nyuma, utaniliza."

Levina aligeuka. Eveline alikuwa amekwisha kuinamia ungo wake.

Kesho yake mchana alishuka basi Mang'ula, akatembea kama anayefukuzwa. Kandida alikuwa uani, mjukuu mgongoni.

"Shikamoo, mama."

Kandida alichungulia njiani kwanza. "Umetoroka, Levina?"

"Nimesamehewa."

Mama mtu aliketi palepale kwenye vumbi, akalia.

Levina akanyoosha mikono. Natalia alimtazama, akauficha uso kwenye shingo ya bibi yake. Alipochukuliwa kwa nguvu alijipinda na kupiga mayowe, ikabidi arudishwe.

"Mpe siku," Kandida alisema.

"Siku ngapi?"

"Mwanangu, mimi nitajuaje?"

Asubuhi Kandida alichukua jembe, akaenda shamba, akawaacha wawili hao makusudi. Natalia alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akaketi kizingitini, kampa mama yake mgongo. Levina alitamani kuinuka: aoshe vyombo, afagie, amkimbilie mama yake shambani. Miguu ilimwasha. Akajikaza, akaketi sakafuni, hatua mbili nyuma ya mtoto, akaanza kumweleza kwa sauti ya chini mahali walipokuwa wakilala zamani, wao wawili, na namna Natalia alivyopenda kuvuta sikio la Eveline.

Jua lilipanda. Mtoto hakugeuka, ila alianza kurudi nyuma kwa makalio, kidogo kidogo, hadi mgongo wake mdogo ukaligusa goti la Levina. Levina hakumshika. Akaendelea kusema.