Mtoto wa Magunzi

Siku ya sherehe ya kumuaga binti yake mkubwa, Lea, kabla ya harusi, Eliakimu alilala meza kuu. Si kusinzia, maana kusinzia kuna adabu yake. Alilala kichwa nyuma, mdomo wazi, kipaza sauti mbele yake, na ukumbi mzima ukasikia jinsi pumzi ilivyokatika, ikanyamaza, kisha ikarudi kwa kishindo kama ng'ombe anayejinasua kwenye tope. Wakwe wakasema amelewa, mtu ambaye hajawahi kuonja hata pombe ya mtama. Wengine wakasema anawadharau. Lea alilia hadi vipodozi vikamchuruzika, na video ikazunguka kwenye simu za ukoo kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, kwani habari ya aibu haidaiwi nauli.

Baadaye hospitali ndiyo iliyomtoa kimasomaso. Koo lake, walimwambia, linajifunga akiwa usingizini, pumzi inakata, mwili unashtuka, na hivyo usiku kucha bila mwenyewe kujua. Wakampa mashine ndogo yenye bomba na kifuniko cha pua, inayosukuma hewa koo lisijifunge. Ndani ya wiki chache Eliakimu akawa mtu mpya. Lakini aliyejua siri hiyo ni mkewe tu, Frida. Mwanaume mzima kulala na bomba puani? Watu watasemaje? Kila asubuhi mashine ilifichwa uvunguni, na kila jioni mlango wa chumba ulifungwa kwa ufunguo. Kiburi nacho ni ugonjwa, ila hicho hospitali hawakukipima.

Sasa ilikuwa zamu ya binti mdogo, Aneth.

"Baba, sitaki friji, sitaki kitanda," alikuwa amemwambia. "Wewe kaa macho tu. Hiyo ndiyo zawadi yangu."

Eliakimu akaahidi. Na jioni ya kuamkia sherehe, nyumba ya Miyuji ikiwa imejaa mashangazi wanaomenya vitunguu, transfoma ya mtaa ikalia paa! na giza likaingia.

Fundi aliyekuja kuikagua alitikisa kichwa. Labda kesho mchana, alisema, tena akasisitiza hilo labda. Frida akapiga simu nyumba za wageni za Makole na kwingineko, akitafuta chumba chenye umeme, lakini Bunge lilikuwa linaendelea, na Bunge likiendelea Dodoma hata kibaraza hupati. Jenereta walilokodi lilikuwa limeshafungiwa ukumbini Nzuguni, na mwenye ukumbi amezima simu.

Eliakimu alijua kilichokuwa kinamngoja. Mara ya mwisho umeme kukatika usiku, kesho yake alilala ofisini katikati ya sentensi yake mwenyewe. Hofu ilimshika kwelikweli. Akaona dawa ni kutolala kabisa, akaketi sebuleni gizani na birika la kahawa. Mpango wa kijinga, lakini mtu mwenye hofu hachagui mpango.

Shemeji yake Yudith, mdogo wake Frida, akatokea na tochi. Yudith ni muuza vitenge, na mdomo wake hauna mlango.

"Shemeji, mbona unalinda giza? Litaibiwa?"

Frida alikuwa amechoka kutunza siri isiyo na faida. Akamweleza yote, mashine, bomba na koo.

"Frida!" Eliakimu akafoka.

"Nyamaza," mkewe akamjibu. "Kesho ukikoroma ndiyo itakuwa siri?"

Yudith akacheka hadi akashika ukuta. "Kumbe ndiyo hiyo tu! Mlango unafungwa kabla hata kuku hawajalala, sisi tukadhani umefuga jini!" Shemeji ni mtani, na mtani hakasirikiwi, kwa hiyo Eliakimu akaumeza ulimi. Yudith akafuta machozi, akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Daktari alisema ufanyeje umeme ukikosekana?"

"Niinue kichwa, nilale ubavu. Lakini nikishapitiwa, nageuka chali bila kujijua. Hapo ndipo koo linapojifunga."

Yudith alitoka kwenda stoo, akarudi na magunzi ya mahindi aliyoyaviringisha ndani ya kiroba, na kanga ya dada yake begani.

"Umewahi kumwona mama mwenye mtoto mgongoni akalala chali?" aliuliza. "Geuka."

"Yudith, mimi ni baba mkwe wa watu."

"Leo wewe ni mzazi mwenye mtoto mchanga. Geuka!"

Akambebesha mtoto wa magunzi mgongoni, fundo likakazwa kifuani. Mashangazi walikuwa wameshajaa mlangoni na visu vyao vya vitunguu, na kicheko kilichopigwa pale nadhani Ihumwa walikisikia. Eliakimu alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, akaenda kulala.

Walimwekea mito na matakia ya kochi akawa nusu ameketi, ubavu ukutani. Kila alipotaka kugeuka chali, mtoto alimchoma uti wa mgongo, naye akarudi ubavuni. Mashangazi, ambao walikuwa wanakesha kwa mapishi, walipeana zamu ya kusikiliza. Mkoromo ukikatika, mwiko unamgusa bega: "Geuka, mama mtoto!"

Alfajiri alifungua macho, akangoja ule uzito wa jiwe kichwani. Haukuja wote. Usingizi wenyewe haukuwa wa mashine, tusidanganyane, shingo ilimuuma na mgongo ulikuwa na alama za magunzi. Lakini akili ilikuwa yake. Akacheka peke yake kitandani.

"Ukisinzia tu," Yudith alimtisha wakipakia gari, akipigapiga kikapu chake, "nakuletea mwanao meza kuu."

Ukumbini MC aliongea kama analipwa kwa neno. Utambulisho ukafuata utambulisho, na Eliakimu akakaa macho. Aliwatazama wanawake wa ngoma ya muheme, akamtazama Aneth katika gauni lake la kijani, akajiona tajiri. Ndipo akasikia sauti anayoijua.

Upande wa pili wa meza, Mzee Wambura, baba wa bwana harusi, aliyetoka Musoma kwa basi, alikuwa amelaza kichwa nyuma. Mkoromo, mkoromo, kisha kimya. Vijana wakaanza kucheka. Simu zikainuliwa.

Eliakimu alisimama. Akampita MC na neno lake mdomoni, akamwinua mzee kidevu, akamtikisa bega.

"Mkwe, pumua."

Pumzi ikarudi kwa kishindo. Mzee Wambura akafumbua macho, akaziona simu, na uso ukamsawajika.

"Nisamehe, mkwe. Ni safari tu..."

"Si safari. Naujua ugonjwa huu."

Akachukua kipaza sauti. "Mbukwenyi!" aliwasalimu kwa Kigogo. "Enyi wenye simu, nirekodini mimi. Nilimpa binti yangu mkubwa mkoromo badala ya baraka, mkasema nimelewa. Sikulewa. Nilikuwa naumwa, nikatibiwa, na kila usiku navaa bomba puani. Jana umeme ulikatika, nikalala na mtoto mgongoni. Yudith, niletee mwanangu!"

Yudith akaleta kikapu. Eliakimu akaupachika mzigo juu ya suti yake mpya, akahangaika na kanga, na mikono iliyokuja kumfungia fundo ilikuwa ya Lea. Alikuwa analia tena, ila safari hii hakujali vipodozi.

Akinamama wa muheme hawakuhitaji kuambiwa. Ngoma zikapasuka, na Eliakimu akacheza ukumbi mzima, magunzi yakirukaruka mgongoni, watu wamesimama juu ya viti, hadi mbele ya Mzee Wambura. Akamfungia mtoto.

"Zawadi yangu ya kwanza, mkwe. Mlee hadi Jumatatu. Jumatatu nakupeleka mwenyewe hospitali."

Mzee Wambura akamtazama, akasimama, na kwa mwili wake mkubwa akaanza kucheza pia. Vigelegele vikafunika ngoma.

Aneth akaja mbio, ameshika gauni, akamkumbatia baba yake.

"Baba, nilikuomba ukae macho tu! Sikukuomba ucheze!"

"Nikikaa nitalala, mwanangu," Eliakimu akasema, akihema. "Niache nicheze."