Lugha ya Mguu

Chini ya kifundo cha mguu binadamu ana mifupa ishirini na sita, na Orpa alikuwa anakumbuka ishirini na mitano. Huo mmoja uliobaki ulimtesa sana. Akiwa kwenye beseni la vyombo ulimjia, akiuita ulikimbia. Alijua uko karibu na kisigino, alijua jina lake si refu, na kwa ujuzi huo hakuna aliyewahi kufaulu mtihani.

Kozi ya huduma ya kwanza ilifanyika mtaa wa Panda, katika kantini tupu ya kambi ya zamani ya wafanyakazi, na mwalimu alikuwa Monsieur Clovis, muuguzi mstaafu aliyevaa tai hata siku za joto. Mifupa ya plastiki ya kufundishia ilibebwa na waporaji siku zile mji ulipoporwa. Wengine waliapa kwamba waliiona mtaa wa Kikula, ikining'inia kwenye kibanda cha mganga mmoja, na kwamba inamletea wateja wengi. Kitabu cha anatomia kilikuwa kimoja kwa wanafunzi sita, kwa hiyo kila mmoja alikaa nacho siku moja kwa wiki. Siku ya Orpa ilikuwa Jumatano.

Mtihani ulipangwa Jumamosi. Atakayefaulu angefungwa brasari, kile kitambaa cheupe cha mkononi, apewe mkoba wa bandeji na kuingia katika kundi la barabara ya Kakanda, ambako malori ya wachimbaji yalipinduka kana kwamba yamezoea. Atakayeshindwa angesubiri kozi nyingine, na miaka ile hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeahidi nyingine ya kitu chochote.

Orpa hakutaka kusubiri. Kaka yake Ricky alianguka kutoka lori kwenye barabara ileile, na watu wenye huruma walimpeleka hospitali kwa toroli, mguu ukining'inia nje. Daktari alisema umevunjika mara mbili: mara ya kwanza barabarani, mara ya pili kwenye toroli. Ukaunga kombo. Ricky mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka, alichechemea huku akipiga mluzi, na jioni alimwachia dada yake miguu yake yote miwili aichore kwa makaa. Lakini Orpa, kila alipolisikia toroli likipita, aliumia moyo.

Sasa Jumatano, siku ya kitabu, ilikuwa pia siku ya kikundi cha maombi, saa tisa alasiri, na mama yake, Mama Madeleine, hakupokea udhuru wa aina yoyote. Orpa alikwenda akiwa na mifupa kichwani. Pasteur Mathieu aliposema kila mtu amwite Mungu kwa sauti yake, wote wakaanza kwa pamoja, kelele ikapanda mpaka kwenye mabati, na Orpa akaona hapa ndipo pa kusomea. Katika kelele kama ile nani atamsikia? Akafumba macho.

"Astragale, calcanéum, scaphoïde..." Akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Akaanza tena, kwa sauti zaidi, akipiga mguu chini ili huo mfupa utoke ulikojificha. Hakutambua kwamba jirani zake wananyamaza mmoja baada ya mwingine. Jasho lilimtoka. Na hapo, kutoka mahali asipopajua, jina likaja.

"Cuboïde!" Orpa aliruka, akapiga makofi, machozi yakamtoka kwa furaha. "Cuboïde, cuboïde, cuboïde."

Alipofumbua macho, kanisa zima lilikuwa limepiga magoti likimtazama yeye.

Tusiwacheke. Binti ambaye kwa miaka kumi na moja ya maombi hakuwahi kutoa sauti kubwa kuliko amina, leo anaruka na kulia kwa maneno ambayo hayamo katika Kiswahili wala Kiluba wala Kibemba, na Kifaransa cha sokoni hakiyajui. Wewe ungefikiri nini? Mama Adrienne, muuza mikate mwenye karama ya kufasiri lugha za Roho, alikuwa tayari amesimama, mkono juu.

"Bwana anasema: minye nitainua miguu ya bantu bangu. Benye kuchechemea, batatembea."

Mama Madeleine alimkumbatia binti yake. "Mutoto wangu. Miaka yote niliomba hii. Hata nikifa kesho, iko bien."

"Samedi asubui bageni ba Kakanda banakuya," alisema Pasteur Mathieu, uso uking'aa. "Dada Orpa njo atafungua maombi."

Jumamosi asubuhi. Saa ileile ya mtihani.

Alhamisi Orpa alifungua kinywa aseme ukweli, na mama akamwongezea kipande cha samaki kwenye ugali wake wa bukari, samaki ambaye nyumba ile haikumwona tangu Pasaka. Ukweli ukateremka tumboni pamoja na samaki. Ijumaa alijikaza tena, akamkuta mama uani anamsimulia jirani yao Mwanabibi. Mwanabibi ni Mwislamu, familia yake ilitoka Kasongo, na hana habari na mambo ya pasta, lakini alisema Mungu ni mukubwa na akatuma sahani ya maandazi kumpongeza. Orpa aliyala kwa aibu. Yalikuwa matamu sana, na hilo lilizidisha aibu.

Jumamosi alitoroka. Alimwachia Ricky ujumbe mmoja tu: amfuate Panda upesi, kwa sababu kila mtahiniwa alitakiwa kuja na mtu wa kuonyeshea mifupa, aliyeitwa mwili.

Wenzake watano waliitwa na kufaulu. Ikafika zamu yake.

"Mademoiselle, mwili yako iko wapi?" aliuliza Monsieur Clovis.

"Iko inabeba viti ku kanisa, Monsieur."

Alikisia tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama alikuwa amemkamata Ricky mlangoni na kumtwisha mabenchi ya wageni. Monsieur Clovis alitazama saa yake. Bila mwili hakuna mtihani, alisema, na alisema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Angesubiri tu mpaka yeye mwenyewe amalize kukusanya karatasi zake.

Alikuwa anaifikia karatasi ya mwisho uliposikika wimbo. Ukaja, ukakua, ukaingia mlangoni: Ricky mbele akichechemea, nyuma yake mama, Mama Adrienne, Pasteur Mathieu, na wageni wa Kakanda wakiwa na nguo zao za heshima.

"Baliniuliza uko wapi," Ricky alimwambia dada yake. "Weye unajua minye siwezake kudanganya pasteur."

Orpa alimtazama mama yake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kisha akasema yote. "Mama, ile maneno ya mercredi ku maombi haikukuwa luga ya Mungu. Nilikuwa nasoma mifupa ya mguu. Nilishindwa kukuambia juu ulifurahi. Unisamehe."

Pasteur Mathieu alitazama wageni wake, wageni wakatazama sakafu. Orpa akaona jinsi furaha iliyosubiriwa miaka kumi na moja inavyotoka usoni mwa mama yake. Kisha mama akamgeukia Monsieur Clovis.

"Ile majina ni ya mguu kweli?"

"Ni ya mguu, mama."

"Ya kila muntu? Hata ya Ricky?"

"Hata ya Ricky. Hata yako."

Mama alimtazama mwanawe wa kiume, akautazama ule mguu uliounga kombo. Halafu akavuta benchi, akaketi, akavua kiatu. "Anza," alimwambia Orpa. "Vile ulifanya mercredi."

Orpa alipiga magoti na kuushika mguu wa mama yake. "Astragale," alisema, kidole juu ya kifundo.

"Amina," aliitika mgeni mmoja wa Kakanda, kwa mazoea tu.

"Calcanéum."

"Amina," wakaitika watatu.

"Scaphoïde." Amina ilitikisa madirisha. Na hapo, mbele ya watu wote, Orpa akakwama.

"Kuboyide," alisema mama yake kutoka juu.

Monsieur Clovis aliweka kalamu chini. "Mama, huku hatusaidianake."

"Sikumusaidia. Niliitika."

Hata tai ya Monsieur Clovis ilionekana kutaka kucheka. Lakini alikuwa mtu wa kanuni. "Jina limekwisha kusemwa, sitaliuliza tena. Nionyeshe fasi yake."

Orpa alifumba macho. Kidole gumba kilitoka kisiginoni, kikafuata ukingo wa nje wa mguu, kikasimama, kikabonyeza. Mama alivuta pumzi kwa nguvu.

"Hapo njo panaumaka. Toka mwaka jana."

"Juu unasimamaka soko siku nzima," alisema Orpa, "na kiatu imeisha upande moja." Bila kuambiwa alichukua bandeji, akafunga kama alivyofundishwa, akaikaza pale panapostahili. Mama alisimama, akakanyaga nao taratibu, akapiga hatua mbili, tatu, mpaka mlangoni na kurudi.

"Minye nilisema miguu," alisema Mama Adrienne kwa utulivu kabisa. "Nilifasiri muzuri."

Pasteur Mathieu akacheka, wageni wakacheka, na Monsieur Clovis akashindwa kujizuia. Orpa alimalizia mifupa iliyobaki mpaka ncha za vidole, yote ishirini na miwili, kila mmoja na amina yake, kisha mwalimu akamfunga brasari mkononi.

Walirudi nyumbani polepole, mama amejishikiza begani kwa Orpa, kiatu mkononi, Ricky mbele akipiga mluzi.

"Mercredi utakuya ku maombi?" aliuliza mama.

"Nitakuya, mama."

"Na mukono, iko na mifupa ngapi?"

"Makumi mbili na saba."

Mama alitembea kidogo akiifikiria hesabu hiyo. "Bon," alisema. "Mercredi utaanza na mukono."