Siku ya Mwethya Kwangu

Nunguni nzima inajua mdomo wangu hauna breki. Siku niliyotakiwa kusema kweli, ndiyo siku uliponisaliti.

Mimi ni mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, ya akina mama wa kanisa letu. Kila Jumanne tunachimba mitaro ya kukinga maji ya mvua shambani kwa mmoja wetu, wiki inayofuata kwa mwingine. Wavinya alikuwa nasi miaka miwili. Alizaliwa akaitwa Nzuki, kijana wa mzee Kimeu; akarudi kutoka mjini Emali na gauni na jina lake jipya. Nilimpokea upesi, na nisijisifu: alichimba kama wanawake watatu. Tulipojenga tangi la maji la kanisa, mawe mengi alibeba yeye. Akiwa na jiwe kichwani, hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Siku ya kuliweka tangi wakfu, sisi tuliojenga tulivaa vitambaa vya kichwani vya samawati. Pasta Musyimi akanivuta kando mlangoni.

"Mwenyekiti, huyu kijana wa Kimeu ni memba wa akina mama?"

Wavinya alikuwa nyuma yangu, hatua tatu.

"Hapana, Pasta. Yeye hukuja tu kutusaidia na mawe."

Petro alikana mara tatu. Mimi mara moja ilinitosha. Wavinya alifungua kitambaa, akakikunja, akaniwekea mkononi, akaenda zake. Nikaingia nikaimba kuliko wote.

Jumanne iliyofuata zamu ya kuchimbiwa ilikuwa yangu. Nilipotoka na jembe asubuhi, nilimkuta Wavinya peke yake, ameshamaliza nusu ya mtaro. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani amenisamehe. Wenzangu walipofika walichimba mbali naye, na sikuwakemea.

Saa ya kula nikampelekea sahani ya muthokoi. "Kula, mwanangu."

Alikuwa akifuta jembe kwa nyasi. "Asante, mama, sitakula. Mwezi uliopita mlinichimbia kwangu. Leo nimerudisha. Sasa mimi siko kwa hii mwethya tena."

"Wavinya, ngoja tuongee."

"Si ulisema, mama? Mimi hukuja tu kusaidia."

Alisema kwa heshima, bila hasira, akateremka kilima.

Mvua zilipokuja, mitaro tuliyochimba sisi siku hiyo ilibomoka. Ule aliouchimba Wavinya ulishika maji. Kwake ni mwendo wa dakika kumi, na bado sijaenda kumwomba msamaha. Kitambaa chake nimekiweka sandukuni chini ya Biblia, kwa hiyo kila Jumapili nakiona.