Viatu vya Kwendea Hospitali

Yule binti tulimpa jina la Rula kabla hajamaliza wiki. Alipima kila kitu: goti la mgonjwa, paja, unyayo, hata kimo cha kiti. Siku moja nilimkuta anapima meza yangu. Nilipomuuliza ya nini, akajibu, "Nazoeza mkono tu, Mwalimu." Nikaguna nikaenda zangu. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kumi na tisa, na mimi nilikuwa nimechoka tangu wa kumi na mbili.

Kazi yetu ni kutengeneza miguu ya bandia. Karakana iko nyuma ya hospitali, vyumba viwili vyenye vumbi la plasta hadi kwenye vikombe vya chai, na ukumbi mwembamba wenye vyuma viwili vya kushikia ambapo wagonjwa hujifunza kutembea. Kila muhula chuo kinatuletea kijana mmoja kutoka nchi nyingine, na kijana wetu mmoja anakwenda kwao. Kwenye karatasi ni jambo zuri kweli. Lakini karatasi haisimami kutwa nzima kwenye saruji. Kijana anakuja hajui hata kushika tupa, unamfundisha miezi mitatu, na siku mkono wake unapoanza kutulia unamsindikiza uwanja wa ndege. Halafu unaanza upya: hii plasta, ile tanuri, usiguse, ni moto. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba nisiletewe mwingine. Ilikaa kwenye droo ikingoja tarehe tu.

Rula alitoka nchi ya baridi, na lugha yetu alijifunza darasani mwaka mzima kabla ya kuja. Kwao, alisema, mkoa mzima hauna fundi wa miguu hata mmoja. Yeye ndiye angekuwa wa kwanza, na tayari kulikuwa na watu waliomngoja. Alipolisema hilo nilimwonea huruma, kisha nikamtuma akasafishe ndoo za plasta.

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa mguu mmoja, tangu kipimo cha kwanza hadi mgonjwa atembee. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama na kusaini fomu.

Mgonjwa alikuwa mpishi wa shule, mama mnene mcheshi, rika langu. Sukari ilikuwa imemla mguu wa kushoto chini ya goti. Mwalimu mkuu alimtunzia nafasi yake karibu mwaka mzima, kwa kibarua wa muda, lakini sasa alikuwa amemwambia waziwazi: shule ikifunguliwa baada ya likizo na yeye hawezi kusimama jikoni, kazi anapewa mwingine. Ana binti mmoja anayesoma na dada mmoja anayemsaidia anapoweza. Nje ya lile jiko hakuwa na kitu.

"Nipeni mguu wa kubebea sufuria," alituambia siku ya kwanza. "Wa kuchezea muziki mtanipa baadaye."

Rula alicheka kwa kuchelewa kidogo, akishatafsiri kichwani. Kisha akamwambia kama kitabu kinavyotaka: "Mama, kila ukija kujaribisha mguu, njoo na viatu utakavyovaa."

Akaja navyo. Vyeusi, vinang'aa, kisigino cha vidole viwili. Mara tatu alikuja, mara tatu alivivaa, na Rula aliutega mguu, akipanga pembe ya kifundo kulingana na viatu vile, kwa umakini wote aliojaliwa. Wiki ya mwisho akauchomelea. Miguu yetu ni ya plastiki, na plastiki ikishachomelewa kifundoni haipindiki tena. Ijumaa alasiri mama mpishi akatembea katikati ya vile vyuma, akaviachia, akaenda hadi ukutani na kurudi. Rula alipiga makofi kama mtoto. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli, miguu yangu imevimba. Nikasaini fomu, nikaenda nyumbani.

Jumatano iliyofuata binti wa mpishi alipiga simu.

"Shikamoo, mama. Samahani kukusumbua. Mama amekaa tu kitandani. Akiuvaa mguu anaanguka. Amenikataza nisiwaambie."

"Anaanguka vipi?"

"Anaanguka nyuma."

Nilipomweleza Rula, uso wake ulibadilika. Ndege yake ilikuwa Jumamosi, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Kesho yake asubuhi tulifunga mifuko ya vifaa tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma nikinung'unika, maana nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu na ngazi zilinitoa jasho. Nilijiuliza mtu wa mguu mmoja alipandaje pale.

Mlangoni kulikuwa na msururu wa kandambili. Tukavua viatu tukaingia. Chumba kilikuwa safi, kitanda, meza ya kusomea ya binti, na mguu wetu umesimamishwa kwenye kona na kufunikwa kanga, usijulikane ni nini.

"Jamani, huyu mtoto ana mdomo," mpishi alisema, akimtazama bintiye kwa jicho kali. Kisha akatugeukia. "Mguu hauna neno. Ni mimi sijazoea."

"Dada, uvae utembee," nikamwambia.

Akauvaa. Akasimama peku, akishika meza. Hatua ya kwanza goti likasukumwa nyuma, kifua kikaenda mbele kulazimisha, na kabla ya hatua ya tatu akakaa kitandani kwa kishindo.

"Kama napanda mlima ndani ya nyumba yangu mwenyewe," alisema. Alijaribu kucheka, lakini machozi yalikuwa karibu. "Nikienda mbele, wenyewe unataka kurudi. Nitabebaje sufuria hivi?"

Rula alishapiga magoti na rula yake. Akapima urefu. Akapima nyonga. Akatia kidole kwenye kikombe cha mguu, pale kisiki kinapoingia, kuona kama kinabana.

"Vipimo ni sawa, Mwalimu. Vyote ni sawa."

Na kweli vilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshaona kosa.

"Dada," nikasema, "vile viatu vyeusi viko wapi?"

"Vile?" Akaonyesha mfuko uliotundikwa kwenye msumari. "Si vyangu vile. Vya dada yangu, vya kwendea sherehe. Niende hospitali na kandambili, wanione mtu wa namna gani?"

"Na jikoni shuleni unavaa nini?"

"Kandambili. Kwani jikoni kuna harusi?"

Rula alibaki amepiga magoti pale sakafuni. Nilimwona anatazama nyayo za watu wote mle chumbani, moja moja: za mpishi, za binti, zangu, zake mwenyewe. Mguu uliotegwa juu ya kisigino, ukitoa kiatu, lazima umrudishe mtu nyuma. Alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Hakulifikiria tu.

"Kwetu sakafu ni baridi," alisema polepole. "Mtu anavua viatu akienda kulala."

Tuliondoka na mguu ukiwa kwenye mfuko wa vifaa, Rula ameukumbatia hadi geti la hospitali. Hapo akasema, "Kitabu kinasema aje na viatu vyake."

"Kitabu kimesema kweli. Hakijui tu kwamba hospitali watu tunaivalia."

Sikumwambia lililokuwa likiniuma. Miaka yote niliyofanya kazi ile, sikuwahi kumruhusu mgonjwa aondoke kabla hajavua viatu na kutembea peku. Hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuwahi kumfundisha mtu, maana nililiona ni jambo la kila mtu kujua. Wanafunzi kumi na wanane waliniona nikilifanya, wakadhani ni mazoea ya mama mzee. Ijumaa ile sikulifanya. Nilichoka, nikataka kwenda nyumbani, basi.

Ijumaa tulianza kazi mapema. Rula aliukata mguu juu ya kifundo kwa mkono wake mwenyewe, na sauti ya msumeno ilinikera hadi kwenye meno. Akautega upya, akauangalia kutoka mbele, kutoka kando, akaurudia. Mimi nilimpasha plastiki. Tulipokuwa tunangoja ipoe, akaniuliza:

"Na fomu?"

Fomu ilikuwa bado mezani kwangu, imesainiwa, haijapelekwa chuoni. Chini yake kuna sehemu ya mguu uliorudishwa: kosa la nani, mwanafunzi au msimamizi? Likiwa la mwanafunzi, anarudia muhula. Likiwa la msimamizi, mwanafunzi anafaulu kama marekebisho yake ni mazuri, na msimamizi anaitwa mbele ya kamati ajieleze.

"Fomu haina miguu," nikasema. "Iache ilipo. Tunarekebisha, unasafiri, yamekwisha."

"Hapana, Mwalimu. Andika ni mimi."

"Una wazimu? Na wale wanaokungoja?"

"Ndiyo maana." Alikuwa anaifuta rula yake kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Kule nitakuwa peke yangu. Nikikosea, hakuna wa kunipigia simu. Nikianza kwa kuficha, nitaendelea kuficha."

Nilikuwa na umri wa kumzaa, na nilikuwa nimemshauri upuuzi.

Mama mpishi alifika saa nane na bintiye. Amevaa vizuri, akitembelea magongo, na kwenye mguu wake mmoja nikaona kiatu kimoja cheusi kinang'aa. Cha pili binti alikibeba mfukoni. Nikataka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Vua hicho, mama," Rula alisema.

Akauvaa mguu. Akasimama peku kwenye saruji. Nikajaza ndoo yetu kubwa ya plasta maji hadi juu, nikampa Rula, na Rula akampa yeye. Mpishi akaikumbatia ndoo ile kama anavyokumbatia sufuria, akavuta pumzi, akaenda. Alipita vile vyuma bila kuvitazama. Akafika ukutani, akageuka, akarudi. Akaitua ndoo kwenye sinki na kuangalia sakafu.

"Hata tone," alisema. "Jumatatu watanikoma."

Binti yake alimrukia shingoni. Rula hakupiga makofi mara hii. Alipiga magoti akamtazama kifundo, kisha akauona mguu wa pili, mguu mzima, una malengelenge mawili kwenye vidole, moja limepasuka.

"Hii nini, mama?"

"Vile viatu. Dada yangu ana mguu mdogo. Vilinibana tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza! Kwa nini hukusema?"

Mpishi alimshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto wa nyumbani.

"Ulikuwa na furaha sana, mwanangu. Kila nikitembea unacheka peke yako. Na hata nilipoanguka nyumbani, nilijua unaondoka Jumamosi. Nikasema niache uende na furaha yako."

Rula akageuza uso ukutani akalia, kwa sauti, bila kujificha. Mimi nilisimama pale na taulo mkononi. Yule mama alikuwa radhi apoteze kazi yake asimvunje moyo mtoto wa watu, na mimi nilikuwa nimeshindwa kusema maneno mawili tu, vua viatu, kwa sababu miguu iliniuma. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi.

Tulipoagana, mpishi alifika mlangoni, akasita, akamwambia bintiye, "Nipe viatu."

"Hapana!" tulipiga kelele wote wawili, Rula na mimi.

"Sasa nitoke hospitali peku? Watu waniseme?"

Nikavua kandambili zangu, za bluu, zilizolika kisigino na kujaa matone ya plasta, nikaziweka mbele yake. Akazitazama kwa masikitiko makubwa, akazivaa, akatoka akitembea wima, mfuko wa viatu vya dada yake kwapani.

Mimi nilirudi mezani peku, baridi ya saruji ikinipanda hadi magotini. Rula alikuwa anazisafisha ndoo bila kutumwa. Nikaichukua fomu. Kwenye nafasi ya kosa la nani nikaandika msimamizi, na chini yake: "Sikumvua viatu." Kisha nikaitoa ile barua ya kwenye droo, nikaigeuza upande mweupe, nikamwita Rula aje aandike, kwa mwandiko wake mzuri, yale yote ambayo sikuwahi kuwafundisha wanafunzi wangu.

"Tuanze na lipi, Mwalimu?"

"Peku," nikamwambia. "Andika kwanza peku."