Neno la Daktari

Daktari alisimama miguuni pa kitanda cha mume wangu, Melkior, akawaambia wanafunzi wake kwa Kiingereza kwamba ini limeharibika kabisa, sasa kazi ni ku-manage tu. Wakaandika, wakahamia kitanda cha pili.

"Amesemaje?" Melkior akauliza. Shule aliiacha mapema akashika kilimo cha kahawa.

Binti yetu Kindness, anayesomea uuguzi, akawahi kujibu. "Watakutibu, baba."

"Safi. Basi Krismasi nitampelekea Eliufoo jani la isale mimi mwenyewe."

Eliufoo ni kaka yake. Baba yao alipofariki, Melkior aling'oa masale yaliyopandwa mpakani akajiongezea kihamba, shamba la urithi, na tangu hapo hawasalimiani. Kwetu jani la isale ndilo linaloomba msamaha, na halikataliwi. Kila mwaka aliahidi kulipeleka. Sasa ilikuwa Machi.

Nikamgeukia Kindness. "Hilo neno 'manage' mlifundishwa kuwa ni kutibu?"

"Mama, acha."

"Kutibu kuna neno lake. Hili wanalitumia lini?"

Akatazama dirishani. "Ugonjwa ukiwa hauponi. Wanapunguza maumivu, wanatoa maji tumboni. Mgonjwa anakaa hivyo hivyo mpaka..."

"Mpaka afe," Melkior akamalizia. Akanitazama. "Mama Kindness, mdomo wako ni panga."

"Ulitaka nikuache usubiri Krismasi?"

Melkior akageukia ukuta. "Haya. Nenda wewe, umpelekee."

Nikapanda nyumbani Rombo kesho yake. Nikakata isale uani kwetu, nikalipiga fundo, nikavuka kwa Eliufoo. Alikuwa akiwakatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Akaliona jani. "Ameng'oa mstari mzima, analeta moja."

"Anakufa, shemeji. Hospitali haina dawa ya kumponya."

Aliweka panga chini, akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea. "Nimesamehe. Kaburi nitachimba mwenyewe, asiajiriwe mtu. Ila kwenda kumtazama, hapana. Nikimwona nitayakumbuka yote."

Sikumbembeleza. Njia nzima ya kurudi hospitalini Moshi nilitafuta namna ya kulipunguza makali lile neno lake la mwisho, sikuipata.

Melkior alikuwa macho. Kindness alikuwa akimpangusa miguu, imevimba inang'aa.

"Amelipokea?"

"Amelipokea. Amesamehe."

"Anakuja lini?"

Kindness akaniomba kwa macho nisiseme. Nikavuta kiti.

"Haji. Atakuchimbia kaburi, lakini haji."

Melkior akavuta shuka hadi kidevuni.

"Mwambie achimbe karibu na kaburi la mama," akasema. "Udongo wa pale ni laini. Eliufoo mgongo wake mbovu."